Dakika Nilizomnyima Mjomba

Maji yalikuwa yameshamfika mjomba vifundoni niliposhika usukani wa vali kuu ya maji. Alikuwa chini yangu, ndani ya shimo la tanuri, mpira wa maji begani, akiupiga ukuta uliokuwa unavuja kioo kilichoyeyuka. Kioo kilitoka kwenye kiungo cha matofali mawili, uzi mwekundu mnene kama kidole. Kila maji yalipokipiga kilinguruma, kikafanya gamba jeusi, gamba likapasuka, uzi ukaanza upya.

"Bado kidogo!" alipiga kelele. "Nipe dakika kumi tu, mwanangu, kitaganda!"

Hakukosea. Kioo kinachovuja huzibwa na kioo chenyewe: ukikipoza haraka kinaganda, kinakuwa kizibo. Yeye ndiye aliyenifundisha. Lakini yeye alikuwa anatazama ukuta, mimi nilikuwa natazama sakafu. Mfereji wa kutolea maji ulikuwa umezibwa na mchanga, na maji yalikuwa yanapanda. Uzi kama ule ukiangukia majini huyachemsha tu. Ukuta ukifunguka, tani za kioo chenye joto la nyuzi elfu moja na mia nne zikatumbukia kwenye dimbwi lile, maji yote yangegeuka mvuke kwa mpigo mmoja, na mvuke huo haungetafuta mlango.

Tanuri lile alikuwa amelikoka yeye, miaka kumi na miwili kabla, na tangu siku hiyo halikuwahi kuzimwa. Tanuri la kioo halizimwi. Mchanga, magadi, chokaa na vigae vya chupa huingia upande mmoja bila kukoma. Upande wa pili matone mekundu hudondoka kwenye kalibu, hewa ikayapuliza, yakawa chupa, na chupa zikasafiri ndani ya handaki refu la kuzipoza polepole zisije zikapasuka zenyewe. Ukikata moto, kioo kinaganda tumboni mwa tanuri, dari yake inapasuka, kinachobaki ni kulivunja. Mjomba hata siku zake za mapumziko alipita kulichungulia. "Mke wangu nimemwacha mara mbili nikamrudia," alikuwa akisema, "hili sijawahi." Mkewe hakucheka sana kama sisi.

Baba yangu alipofariki, mjomba ndiye aliyenilea. Niliposoma nikarudi kiwandani kuwa msimamizi wa zamu, juu yake, hakununa. Mbele za watu aliniita bosi. Tukiwa wawili nilikuwa mwanangu. Siku ile shimoni alisahau kama kuna watu.

Kuna jambo jingine, nalo silifichi. Wiki mbili kabla, nilimwonyesha doa jekundu kwenye ukuta uleule. Kioo hula matofali mwaka hadi mwaka, kama maji yanavyokula sabuni. Alilitazama, akasema, "Tuweke feni ya kulipoza, tusiwashtue wakubwa. Tanuri litatufikisha mwisho wa mwaka." Nikaweka feni. Sikuandika popote. Hilo ni langu, simsukumii mtu.

Vali ilikuwa ngumu. Niliizungusha kwa mikono miwili, nikiiegemea kwa kifua, hadi ikagota. Mpira ukalegea begani mwake.

"Maji! Nani kafunga maji?"

"Mimi, mjomba. Panda juu."

"Fungua!"

"Panda."

Aliinua uso. Ulikuwa mwekundu kwa mwanga wa kile kioo, na sijawahi kutazamwa vile tena na mtu yeyote. "Unaliua," alisema, wala si kwa sauti kubwa, nilimsoma midomo. Kisha akapanda ngazi, kwa sababu pasipo maji hakuna binadamu anayeweza kusimama pale. Alinipita kana kwamba mimi ni nguzo.

Nikaamuru gesi ya kuwashia tanuri ikatwe. Fundi wa gesi, mtu mzima aliyekuwa na mjomba tangu siku ya kwanza, aliniuliza mara mbili, "Una hakika?"

"Kata."

King'ora kikalia. Tulitoka watu mia mbili na arobaini, tukasimama uani kwenye jua la saa nne asubuhi, kila mmoja akimtafuta mwenzake kwa macho. Mjomba alisimama peke yake karibu na geti. Halafu ardhi ikaruka chini ya miguu yetu. Vioo vyote vya madirisha ya kiwanda vikamwagika nje, na ngazi ya shimoni tukaja kuiokota juu ya paa. Hakuna aliyeumia.

Chombo cha kurekodi joto kilikuwa kinachora mstari wake muda wote ule. Kuanzia nilipofunga maji hadi ukuta ulipofunguka, dakika kumi na moja. Yeye aliomba kumi.

Nimeigeuza hesabu hiyo kila upande. Huenda dakika ya tisa kioo kingeganda, ukuta ukashika, watu wakaendelea na kazi yao. Huenda dakika ya kumi angekuwa bado chini, anaomba nyingine mbili, namjua.

Kiwanda kilifungwa miezi saba. Wengine walihama, wengine waliacha kunisalimia. Nikienda kwa mjomba, alikumbuka shughuli nyuma ya nyumba. Mama alinikalisha jikoni.

"Kaka yangu umemfungia maji mbele ya watu, kama mtoto."

"Angekufa, mama."

"Najua. Ndiyo maana hata kukugombeza vizuri siwezi."

Tanuri jipya halikokwi kwa pupa. Kwa siku kumi na nne joto hupandishwa kidogo kidogo; matofali yanavimba, dari inanyanyuka, na lazima mtu alegeze nati za vyuma vinavyoikaza. Ukichelewa, dari inajikamua hadi ivunjike. Ukiharakisha, inafumuka.

Siku ya tatu ya kulikoka tanuri letu jipya mjomba alikuja, hajaitwa, amevaa ovaroli lake kuukuu. Hakunisalimu. Alizunguka upande wa pili, akishika chuma kimoja kimoja. Fundi wa gesi alimpelekea kigoda, hakukikalia. Kesho yake akaja tena.

Siku ya tano nilikuwa na spana kwenye nati, nasitasita, niliposikia nyuma yangu:

"Legeza."

Niligeuka. Alikuwa anatazama dari, hanitazami mimi.

"Kiasi gani?"

"Robo. Halafu subiri."

Nikalegeza robo. Tukasubiri, yeye kiganja juu ya chuma, mimi na spana mkononi, hadi dari ikatoa mlio mdogo, ikatulia.