Ayuma Akiwa Juu

Jumatatu, saa moja kasoro dakika tano asubuhi, Khavere alitumbukiza kidole ndani ya sufuria ya maharagwe iliyokuwa ikichemka juu ya jiko la makaa, akakiacha humo hadi akaridhika, akakitoa na kukipangusa kwa leso. Maji yalikuwa yakitokota kwa kelele, povu limefika ukingoni, na hayakuwa na moto wa kumuunguza hata mtoto mchanga. "Ameruka," alimwambia Ndete, jirani yake, aliyekuwa akifagia mbele ya mlango. Ndete alisema hata yeye masikio yameziba. Khavere akafunga mlango wa jiko ili makaa yasiishe bure, akaketi kuchambua mchele. Hiyo ilikuwa ndege ya Kisumu, na ya Kisumu haikawii. Baada ya nusu saa na ushei maji yalirudia moto wake, maharagwe yakaendelea kuiva kutoka pale yalipokuwa yameachia.

Ayuma, binti yake, alikuwa rubani msaidizi. Alirusha ndege za humu nchini: Kisumu, Eldoret, Mombasa, na jioni akarudi mtaani Mowlem kulala kwake, orofa ya pili, juu ya chumba cha mama yake. Babake, marehemu Shiundu, alikuwa kibarua wa kiwanda kule karibu na Mukuru kwa Reuben, na hakuacha kitu ila jina zuri. Msichana alipopata nafasi ya kusomea urubani, kanisa liliitisha harambee. Bedan, mwenye bucha Soko la Burma, alileta mbuzi. Mbuzi yule alinadiwa mara tatu, kila aliyemnunua akimrudisha mbele anadiwe tena, hadi mnyama mwenyewe akachoka akalala. Ndete alileta jogoo. Jogoo alinunuliwa na Wahome, fundi wa milango ya chuma, na miaka miwili baadaye Wahome huyo huyo akamwoa msichana aliyechangiwa. Hivyo ndivyo ndege ya Ayuma ilivyoanza kupaa, na kila aliyetoa chochote siku ile alipaa naye.

Hawakuona ajabu. Ukitoa chako kumwinua mtu, utabaki chini kufanya nini? Mambo yenyewe yalikuwa mawili tu. Ayuma akiwa juu, waliomchangia masikio yaliziba, na majumbani mwao maji yalichemka bila moto. Kupumua walipumua vizuri. Mafuta ya kukaangia hayakujali, kwa hiyo mayai na mandazi yalipikwa kama kawaida. Ndete alijaribu sufuria ya presha. Ikapiga filimbi yake vizuri sana, lakini alipoifungua alikuta maji ya kuogea mtoto. Mowlem si mtaa wa kushangaa. Maji ya mfereji yenyewe huja Jumatano na Jumamosi, na ukiyapata unashukuru.

Mtu mmoja tu mtaani hakujua, na mtu huyo ni Ayuma. Angejuaje? Kila mara lilipotokea jambo hilo, yeye hakuwepo. Alipotua alimtumia Wahome ujumbe kwamba amefika, na Wahome alimjibu asante Mungu, ilhali chai ilikuwa imeshamwambia. Hata Kui, binti yao wa miaka sita, ambaye wakati wa harambee hakuwa hata kwenye mawazo, masikio yalimziba kwa kurithi na akafunzwa kunyamaza. Walikubaliana hivyo bila mkutano. Mtu anayeshika usukani wa ndege hafai kuwa anawaza maharagwe ya watu.

Gordon, fundi viatu, ndiye pekee aliyekuwa na maji ya moto wakati wote. Siku ya harambee alisimama mbele ya kanisa zima akasema kwamba ndege hujiinua yenyewe, yeye mchango wake anauweka wa mazishi. Watu walimkasirikia mwaka mzima. Sasa, siku za ndege ya Mombasa, ambayo hukaa juu kwa muda mrefu zaidi, majirani walipanga sufuria zao kwenye jiko lake pale chini ya ngazi. Gordon alinung'unika kwamba moshi unaharibu ngozi ya viatu vya watu, na akala sahani ya kila aliyepika.

Basi wiki hiyo barua ilikuja kutoka kazini kwa Ayuma. Shirika lilikuwa limempa nafasi kwenye ndege kubwa za ng'ambo, na akapewa siku saba ajibu. Mshahara ungekuwa karibu mara mbili. Wangehama vile vyumba viwili, Kui angepata shule isiyo na watoto themanini darasani, na mama angejengewa nyumba ya maana kwao Vihiga. Lakini angelala nje zaidi ya nusu ya mwezi. Na akikataa, jina lake lingerudishwa mwisho wa orodha, na mwisho wa orodha ni miaka minane au tisa.

Pamoja na barua kulikuwa na fomu. Fomu ilikuwa na mstari ulioandikwa: Nani atabaki na mtoto? Ayuma alimuuliza Nuh, mwenzake waliyeanza naye kazi siku moja, yeye ameujazaje. Nuh ana watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Nuh alitafuta kwenye fomu yake mbele na nyuma. Yake haikuwa na mstari huo.

Kufika Ijumaa, Ayuma alikuwa ameamua kukataa. Alisema wazi mezani, mbele ya Wahome na mama yake, kwamba hawezi kumlea Kui kwa simu. Wahome alimwambia yeye yuko, baba si picha ya ukutani, lakini uamuzi ni wake. Khavere aliendelea kuondoa vyombo. Alikuwa amefanya hesabu yake kimoyomoyo: ndege ya Ulaya inaondoka saa mbili na nusu asubuhi na kutua saa kumi na moja jioni, na vijana wa mjengo, vibarua wa ujenzi ambao ndio wateja wake wa chakula, hula saa saba mchana. Jiko moja la Gordon lisingetosha mtaa mzima kutwa; siku hizo asingepika. Moyo wake ulifurahi kusikia binti anakataa, kisha akaona aibu kwa kufurahi, akateremka kwake akalala na njaa.

Habari haziwekwi mfukoni mtaani kwetu. Jumamosi Gordon alipanda ngazi, jambo ambalo miguu yake haipendi, akamkuta Ayuma anaanika nguo.

"Mimi sikuchanga," alisema, "kwa hivyo siri yao hainifungi." Akamweleza yote, tangu kidole cha Khavere hadi sufuria ya presha ya Ndete. Alieleza jinsi mtu anavyoeleza njia ya kwenda posta.

Ayuma alimalizia kuanika, akateremka, akamkuta mama yake anachambua maharagwe ya Jumatatu.

"Mama, miaka sita hukuniambia?"

"Ningekuambia ungefanya nini, ushuke?"

Ayuma aliketi kwenye kigoda. Akasema basi mambo yameisha, hawezi kwenda kuzima jiko la mama yake kwa muda wa saa nane na nusu kila safari. Akalia kidogo, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, kwa sababu hakuna anayependa kuwa mzigo asioujua.

Khavere alimwacha alie. Kisha akamwambia jambo ambalo alikuwa amelificha moyoni tangu Ijumaa. "Nilifurahi uliposema hutaki. Nisamehe. Nilifikiria tumbo langu. Lakini mwanangu, hatukumnadi mbuzi mara tatu ufike Kisumu tu."

Kui alikuwa mlangoni amesikia siri imevunjika, na kwa kuwa sasa kila mtu anasema, naye akasema yake. Alisema darasani kwao wenzake hawajui mama zao wako wapi. Yeye anajua. Masikio yakiziba mama yuko juu, yakizibuka mama ameshuka. Aliuliza kama huko Ulaya yatazibuka pia. Ayuma akamwambia ndiyo, yatachelewa tu. Kui akasema kuchelewa si neno.

Jumatatu Ayuma alijaza fomu. Kwenye ule mstari aliandika: Baba yake. Alasiri ofisi ilimpigia simu kumwambia fomu haijakamilika, wanahitaji jina la mwanamke. Alibishana nao kwa dakika kumi. Mwisho aliandika jina la mama yake, na fomu ikapita mara moja. Wahome aliposikia alikwenda kuchomelea geti la watu bila kuongea na mtu siku nzima. Nuh aliandika barua kuuliza kwa nini yeye hakuulizwa nani atabaki na watoto wake watatu. Hakujibiwa. Waliopandishwa baada yao walipewa fomu zilezile, za wanawake zina mstari, za wanaume hazina.

Majirani walijipanga upya bila kelele. Siku za safari ndefu kila mtu angepika kwa Gordon, na Khavere angekuwa wa kwanza kwenye foleni kwa sababu yake ni biashara. Ndipo Gordon mwenyewe akaja na kuku mkononi. Alisema ameona haya, miaka yote hii anawatazama watu wakizibana pua na kumeza mate, wakiambizana ameruka, ameshuka, yeye kama mgeni kwenye plot hii ya kupanga aliyokaa miaka ishirini. Alitaka kuchanga. Ndete alimrudisha na kuku wake.

"Ukitoa wewe, sisi tutapika wapi?" alimuuliza. Walimweleza kwa upole kwamba mtaa unamhitaji hapo hapo alipo. Gordon alirudi chini ya ngazi amekasirika.

Mafunzo ya ndege kubwa yalipokwisha, safari ya kwanza ilikuwa Jumatano. Ilipofika saa tatu asubuhi kulikuwa na sufuria sita kwa Gordon, mbili jikoni na nne zikisubiri, na ya Khavere ikitokota vizuri. Alitia kidole kwa mazoea tu. Maji yalikuwa vuguvugu.

Alimtazama Gordon. Gordon alikuwa ameketi kwenye benchi lake, mdomo wazi, akijipigapiga sikio kwa kiganja.

"Umetoa nini?" Khavere alimuuliza.

Gordon alisema hakutoa chochote. Kisha akasema ni viatu tu. Jana Ayuma alileta viatu vya kazi vikiwa vimelika kisigino, naye akaweka soli mpya pande zote mbili, akavishona mara mbili kuzunguka, akavipiga rangi, na alipoulizwa ni ngapi akamwambia aende salama. "Sasa hiyo ni mchango kweli?" aliuliza. Ndete alimwambia kwamba nyumba saba sasa hazina moto hata mmoja, ajijibu mwenyewe.

Khavere hakuwa na muda wa kugombana. Alikanda unga, akapika chapati, akakaanga mayai, na saa saba aliwaambia vijana wa mjengo kwamba madondo, yale maharagwe, yataiva saa kumi na mbili jioni, anayetaka apitie akitoka kazini. Walinung'unika, wakala chapati na mayai, wakarudi juu ya ngazi zao. Mmoja alisema heri hivyo, jioni huwa anaenda kulala na chai tupu. Khavere alilisikia neno hilo akaliweka.

Gordon hakushona kiatu hata kimoja siku hiyo. Kui alipotoka shule alimfundisha kumeza mate na kupiga miayo. Kuanzia saa tisa Gordon aliuliza mara nne kama Ayuma huwa anakaa juu hivi. Khavere alimwambia hata yeye hajawahi kukaa juu hivi.

"Na huogopi?"

"Naogopa. Tangu siku ya kwanza naogopa. Ila moto ukirudi polepole, kama mtu anayeteremka ngazi na mzigo, ujue anashuka vizuri."

Saa kumi na moja kasorobo ulianza kurudi. Ndete alitia kidole akakiacha. Mama mmoja akatia chake. Gordon alitia cha kwake akakitoa haraka, akakitia tena. Saa kumi na moja na dakika nane masikio yake yalizibuka yote mawili kwa pamoja, akasikia nyundo za mjengo, redio ya jirani, na sufuria zikichemka kwa moto wa kweli. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

"Ameshuka," alisema, kwa sauti, ingawa wote walikuwa wameshajua.

Maharagwe yaliiva saa kumi na mbili na robo. Vijana wa mjengo walikuja kumi na wanane, zaidi ya wale wa mchana, na wengine walibeba kwenye vikopo wapelekee watoto. Khavere alipakua hadi mwiko ukagonga chini ya sufuria. Gordon alingoja amalize, akasogea karibu, akamuuliza safari ya kurudi inaruka saa ngapi. Khavere akamwambia ni kesho saa nne asubuhi, kwa hiyo apike chai yake mapema.