Asiyeambiwa

Maziwa ya Mzee Kimaren yalichujwa mara mbili, kwa sababu siku zote yalikuja na nywele za ndama. Selina alitandaza kitambaa juu ya sufuria, akamimina taratibu kutoka kwenye kidumu cha njano. Nyuma yake wazee wawili walikuwa wanataniana, kama walivyotaniana jikoni humo kila asubuhi tangu yeye akiwa mtoto.

"Chai ya Mmbulu unaweza kunawia uso," alisema Kimaren.

"Na maziwa ya Mmasai unaweza kufumia blanketi," alijibu baba yake Selina, Mzee Emilian. "Kunywa."

Boma la Kimaren lilikuwa ng'ambo ya korongo, karibu na ukingo wa msitu wa Ngorongoro. Emilian alikuwa katekista wa kigango. Alikuwa amewafundisha dini karibu vijana wote wa kijiji, na wengi wao alikuwa amewashika mkono hadi mbele ya padri siku ya ubatizo. Mwaka mmoja alipanda basi hadi Wasso, siku nzima ya vumbi, kwenda kufundisha wafugaji asiowajua. Lakini rafiki yake huyu hakuwahi kumwambia neno hata moja.

"Katekista," alisema Kimaren, "unafundisha watoto, unafundisha wajane, hata walevi unawafundisha. Mimi nimezeeka kwenye jiko lako. Wajukuu zangu kule Nainokanoka wanaimba habari za huyo Yesu wenu. Jina nimelisikia. Ni nani, alifanya nini, sijui. Niambie basi."

"Kunywa, rafiki. Chai inapoa."

"Unaona, Selina? Kila nikiuliza, chai inapoa."

Kimaren alicheka, lakini Selina aliyaona macho yake, nayo hayakucheka. Alikuwa likizo kutoka chuo cha ualimu, na kwa muda mrefu alitamani kumuuliza baba yake jambo hilo. Hakuthubutu. Hata darasani, kwenye mazoezi ya kufundisha, wanafunzi wa nyuma walikuwa hawamsikii.

Alikuwa anabandika maziwa jikoni pale yowe lilipopigwa upande wa mashambani. Kisha jingine, karibu zaidi. Kisha sauti za watu wengi wanaokimbia.

Kimaren alichukua fimbo yake akatoka kutazama. Katika uwazi wa mlango Selina aliwaona wakiingia uani: vijana wa kijiji, wana mapanga na marungu, miguu yao ina tope hadi magotini. Mbele yao alikuwa Sylvesta, ambaye huimba besi kwenye kwaya ya kigango. Shati lake lilikuwa limelowa damu ambayo haikuwa yake.

Kimaren aliwatazama mara moja akaelewa. Alitupa fimbo chini. Aliinama, akang'oa majani mabichi, akayainua juu kwa mkono wa kulia. Kwa Wamasai, mtu aliyeshika majani haguswi, hata awe ametenda nini. Na Sylvesta alijua. Alichunga ndama pamoja na watoto wa Kimasai tangu akiwa hana meno ya mbele.

Panga lilishuka kwenye mkono ule ule ulioshika majani.

Lilizama juu ya kifundo na kukwama kwenye mfupa. Sylvesta alilivuta kwa nguvu, na damu ikaruka hadi kwenye ukuta uliopakwa chokaa. Jiwe likampiga mzee kwenye paji la uso. Alipiga magoti. Emilian alitoka mbio akamkamata shuka, Selina akamshika kwapa, wakamburuta ndani, wakatia komeo na kusukumia gunia la mahindi mlangoni. Mawe yalianza kunyesha juu ya bati.

Selina alifunga ule mkono kwa kitambaa cha kuchujia maziwa. Kiganja kilikuwa kinaning'inia. Kitambaa kilijaa, akavua kanga yake akafunga juu yake, akakaza kwa mwiko. Kisha akapiga simu polisi. Ilibidi arudie maneno yake, maana sauti ilikuwa haitoki.

"Tunakuja kutoka Karatu," alisema askari. "Barabara imeharibiwa na mvua. Jitahidini kuwachelewesha."

"Katekista!" Sylvesta aliita nje. "Fungua. Wewe hatuna ugomvi na wewe."

"Sylvesta, mwanangu, kumetokea nini?"

"Adrian amekufa!" Adrian alikuwa mdogo wake, wa mwisho kwa mama yao. "Tumemkuta kwenye mahindi kule kando ya msitu. Wamemchoma mkuki ubavuni. Utumbo uko nje, katekista. Nimeurudisha kwa mikono hii."

Emilian aliegemeza kichwa mlangoni. "Mungu wangu. Lakini huyu alikuwa hapa anakunywa chai."

"Kama si mkuki wake, ni wa mwanawe. Toa mtu!"

Umati uliitikia, na rungu likagonga mlango. Ndipo Modest, kijana mwembamba aliyezoea kuleta mzaha hadi msibani, akapaza sauti. "Jamani, huyu mzee ni mpagani. Tukimwua hivi hivi anakwenda motoni, halafu anatudai sisi."

"Basi abatizwe kwanza!" mwingine alisema, na baadhi yao wakacheka.

Sylvesta hakucheka. Aliposema tena alikuwa ametulia kama mtu aliyepata njia.

"Haya. Mbatize, katekista. Tunakungoja. Akishamwagiwa maji dhambi zote zinafutika, akifa saa hiyo hiyo anafika moja kwa moja. Si wewe uliyetufundisha? Hata sisi tutakuwa tumemtendea wema kuliko wao walivyomtendea Adrian."

Emilian alikuwa amewafundisha hivyo hivyo, neno kwa neno, kwenye mabenchi ya kigango.

Selina alimvuta mkono. "Baba, kubali," alinong'ona. "Waambie mtu mzima habatizwi mpaka afundishwe. Anza mwanzo kabisa. Sala zote, amri zote, polepole. Polisi wako njiani."

Emilian alimtazama binti yake kana kwamba amemwonyesha shimo. Lakini alirudi mlangoni. "Mtu mzima lazima afundishwe kwanza," alisema.

"Mfundishe! Ila kwa sauti, nasi tusikie."

Selina alichungulia kwenye ufa wa dirisha. Walikuwa wanakaa chini. Wengine kwenye kuni, wengine juu ya ndoo walizogeuza, mapanga yamelazwa mapajani, kama walivyokuwa wakikaa kumsikiliza baba yake walipokuwa wadogo. Mmoja alivua kofia. Selina alishukuru. Somo la baba yake lingeweza kuchukua asubuhi nzima.

Kimaren alikuwa amekaa kando ya jiko, mgongo kwenye gunia la pili, uso wake umepauka kama jivu. Alitabasamu.

"Kumbe ilibidi nikatwe mkono," alisema. "Haya, olchore, rafiki yangu. Leo chai imeshapoa. Niambie. Huyu Yesu ni nani?"

Emilian alifungua mdomo. Akaufumba tena.

"Baba, anza," alisema Selina.

Jasho lilikuwa linamtiririka Emilian shingoni. Alitazama mlango, akamtazama rafiki yake, akatikisa kichwa.

"Siwezi."

"Huwezi nini? Somo unalijua kwa moyo. Baba, anza popote!"

"Siwezi kumwambia."

"Mbona kimya humo?" aliuliza Modest. "Au mwanafunzi amelala?"

Selina alipaza sauti ambayo hakujua kama anayo. "Mzee Kimaren, sikiliza! Mungu alimpenda mwanadamu, akamtuma—"

Kiganja cha baba yake kilimziba mdomo. Kilimziba kwa nguvu, hadi meno yakamkata ndani ya shavu na akasikia ladha ya damu. Katika maisha yake yote Emilian hakuwahi kumpiga. Walitazamana, yeye na baba yake, macho ya mzee yamejaa hofu ambayo haikuwa ya mapanga.

Kimaren aliona yote.

"Hata mtoto unamzuia," alisema polepole. "Siku zote nilidhani ni utani wetu. Kumbe kweli. Kula na Mmasai sawa, kucheka naye sawa, lakini huko kwa Mungu wenu hatakiwi kusogea."

"Sivyo, Kimaren."

"Vipi basi?"

Emilian alifunika uso. Nje watu walianza kusimama. Kimaren alimgeuzia kisogo, akauegemea ukuta, akapaza sauti kuelekea mlangoni. Ilikuwa sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe kutoka kilima cha pili.

"Nyie vijana! Nani alimbeba marehemu?"

"Mimi," alisema Modest. "Mimi na kaka yake."

"Mkuki wetu ni mpana, una makali huku na huku. Unachana, unaacha mpasuko kama mdomo. Kidonda cha mtoto wenu kilikuwaje? Mpasuko, au duara?"

Kuku alilia mahali fulani nyuma ya nyumba.

"Sema, Modest," alisema mtu mmoja.

"Duara," alisema Modest. Mzaha wote ulikuwa umemtoka. "Kama mdomo wa kikombe. Na mahindi yalikuwa yamelala... Sylvesta, mahindi yalikuwa yamelala eneo kubwa."

"Huyo ni nyati," alisema Kimaren. "Pole, Sylvesta. Huyo ni nyati wa msituni."

Selina aliamini kwa kitambo kifupi kwamba yamekwisha. Aliona kwenye ufa baadhi yao wakirudi nyuma, mmoja akificha panga ndani ya koti. Lakini Sylvesta alikuwa amesimama na mikono yake myekundu ameitandaza mbele yake, anaitazama. Alikuwa amekwishakata mkono wa mzee aliyeshika majani. Kama ni nyati, mkono ule alikuwa ameukata kwa nini?

Alipiga kelele isiyo na neno ndani yake, akamnyang'anya jirani yake shoka, akaja.

Pigo la kwanza lilipasua ubao. La pili liling'oa bawaba. Gunia lilitoboka, mahindi yakamwagika sakafuni, na Sylvesta akaingia akiteleza juu yake, na nyuma yake wanne au watano ambao nao hawakutaka kuambiwa kwamba walikosea. Emilian aliruka mbele, mikono wazi. Rungu lilimpata pembeni mwa jicho akaanguka juu ya benchi. Waliifikia ile kona ya jiko. Selina alisikia mbavu. Hakujua kabla ya hapo kwamba mbavu za mtu zina sauti, kama kuni kavu zinazovunjwa kwa goti. Kimaren hakulia. Kila pigo lilimtoa pumzi tu, na kila pumzi ilikuwa fupi kuliko iliyotangulia.

Maziwa yalikuwa yanachemka. Selina alishika sufuria kwa mikono mitupu, akammwagia Sylvesta usoni.

Alipiga mayowe, shoka likaanguka. Selina aliliokota. Alisimama juu ya mzee, vidole vimebabuka, akalizungusha ovyo, na lilipompata mtu begani hakumtazama ni nani. Alikuwa anapiga kelele pia. Ndipo risasi zilipolia juu, mbili, kisha nyingine, na injini ya gari ikanguruma uani. Vijana waliruka dirishani na kupotelea kwenye mbaazi. Sylvesta pekee hakukimbia. Alikaa katikati ya mahindi na maziwa, ngozi ya shavu inamchuruzika, analiita jina la mdogo wake.

Askari walimpakia Kimaren nyuma ya Landikruza, juu ya godoro la Selina. Emilian alipanda bila kuombwa, jicho moja limefumba kabisa, akakilaza kichwa cha rafiki yake mapajani. Selina alishikilia ule mkono. Gari liliteleza kwenye tope, likagonga ukingo, likaendelea. Kila mtikisiko ulileta povu jekundu kwenye midomo ya mzee. Askari aliyekaa karibu nao alilitazama povu lile, kisha akatazama nje.

"Olchore," alisema Kimaren.

"Nipo."

"Mimi nakwenda. Huko Wasso ulipanda basi. Watu hujui hata majina yao, uliwaambia. Mimi kwa nini?"

"Usiseme, unamaliza nguvu. Tunakaribia hospitali."

Kimaren alifumba macho. Machozi yalimtoka pembeni, yakaingia masikioni.

"Baba," alisema Selina. "Mjibu."

Emilian alitazama mikono yake iliyokishika kile kichwa. Aliposema, alisema kwa sauti, na kila aliyekuwa garini alimsikia, hata dereva.

"Wale wa Wasso, wakikataa, nilirudi nyumbani nikalala usingizi. Wewe nakujua. Ningekuambia, ungecheka, ungesema Enkai, Mungu wa baba zako, anakutosha. Na tulifundishwa kwamba asiyeambiwa Mungu ana njia yake ya kumfikia, lakini aliyeambiwa akakataa amejifungia mlango mwenyewe. Nikaona bora usiambiwe. Nikakaa kimya miaka yote, na leo nimekaa kimya hadi wamekuua. Nilikupenda, Kimaren. Niliogopa kufika huko mbinguni nikakuta wewe hupo."