Dawa Ipi

Jumanne, saa tatu na dakika kumi asubuhi, ini la panya wa kwanza lilitoka laini.

Niliweka ini hilo kwenye sahani ya kioo, nikaligeuza kwa kibano. Nilitarajia kitu kigumu chenye vinundu, kama tangawizi. Panya huyo alichomwa kemikali ya kuanzisha saratani akiwa mchanga, kisha sumu mara mbili kwa wiki ili ini lijae makovu. Tulitaka ugonjwa wake ufuate njia inayofuatwa na ugonjwa wa watu tunaowapokea hapa Kisumu: makovu kwanza, uvimbe baadaye.

Ini la pili pia lilikuwa laini. La tatu lilikuwa na vinundu viwili, vidogo kama punje za mtama.

"Hiyo ni mzuri ama ni mbaya, Daktari?" aliuliza Obonyo, mtunzaji wa panya wetu.

"Sijui bado."

Panya hao walitoka kundi la dirishani, lililopata vitu viwili: sumu ya kuleta makovu, na dawa mpya tuliyokuwa tukiijaribu. Mwezi mmoja nyuma, nikiwa bado kwenye likizo ya uzazi, mkuu wa mradi, Ephantus Muturi, alimtumia Obonyo ujumbe wa simu kutoka Nairobi: *Panya wa dirishani, dawa isimamishwe.* Alimaanisha ile mpya. Alitaka kuona kama uvimbe ungerudi huku sumu ikiendelea.

Lakini katika chumba kile, chochote kilichoingia kwenye sindano kiliitwa dawa. Obonyo mwenyewe alipenda kusimulia kwamba majirani zake Nyalenda wakimuuliza kazi yake, huwajibu, "Napea panya dawa." Nao humuuliza, "Na mbona hawakufi?"

Nikaweka kibano chini.

"Mzee Obonyo, ulisimamisha dawa ipi?"

"Ile Bwana Muturi alisema."

"Ipi?"

Alitazama chupa mbili za kahawia kwenye rafu. Zote zilikuwa zimejazwa upya wiki iliyotangulia, kwa hiyo hazikuwa na la kutuambia.

"Ya kuponya," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nafikiri ya kuponya. Daktari, usiniulize hivyo. Ukiniuliza hivyo hata jina yangu nitasahau."

Sikumlaumu. Sikumwamini pia. Kama ni sumu iliyosimamishwa, maini yale yalikuwa yamepumzika tu, na ini likipumzishwa hujitengeneza lenyewe. Miaka miwili ya kazi isingethibitisha lolote kuhusu dawa yetu, na panya waliobaki wangeuawa bure. Lakini kama ni dawa mpya iliyosimamishwa, maini yalikuwa yamebaki laini katikati ya sumu, na dawa yetu ilikuwa imefanya kazi.

Nilimpigia Ephantus. Alisikiliza bila kunikatiza.

"Wewe unaonaje, Achola?"

"Sioni chochote hadi nikate vipande."

"Obonyo anasemaje?"

"Anasema mambo mawili."

"Basi kata," alisema, na nikasikia akivuta pumzi. "Mimi nakuja huko. Sitaweza kukaa hapa."

Ushahidi nilioutaka ulikuwa ndani ya ini lenyewe. Sumu ile huua seli zinazouzunguka mshipa wa kati wa kila sehemu ndogo ya ini, na maiti za seli hizo huonekana siku ya pili. Ikisimamishwa, baada ya wiki chache hazionekani tena. Sindano ya mwisho ilikuwa ya Jumatatu. Kama Obonyo aliendelea kuchoma sumu, pete ya seli zilizokufa ingekuwepo. Niliyaweka maini kwenye fomalini ili yasioze, nikawaomba Obonyo na Ephantus wasinipigie simu.

Alhamisi asubuhi vipande vilikuwa tayari, vimetiwa rangi. Obonyo alisimama mlangoni, kofia mkononi, kama mtu aliyefika kwenye matanga asiyojua ni ya nani. Niliweka kioo cha kwanza chini ya hadubini. Niliangalia cha pili, kisha vyote sita, viwili vya kila ini.

Ephantus aliingia akiwa bado na koti la mvua begani. Alikuwa ameshuka basi Nyamasaria na kumalizia safari kwa bodaboda. Nilimpisha kiti. Aliinama, akarekebisha lenzi, akatazama kwa muda mrefu.

"Zimekufa," alisema.

"Zote, kuzunguka kila mshipa."

"Zimekufa!" alirudia, akamgeukia Obonyo na kuanza kucheka, na Obonyo akakaa chini sakafuni palepale.