Mkanda Mmoja wa Watu Wawili

Mama Tharcisse alijaza sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwenye kopo la zamani la mtindi, akalifunga kwa mpira wa nywele wa binti yake Alicia kwa sababu kifuniko kilikuwa kimelegea, akaliweka kwenye mfuko wa chakula juu ya ugali. Ilikuwa Alhamisi ya pili ya mwezi wa tatu, na theluji ya mtaa wao wa Regent Park ilikuwa imeanza kuwa matope. Mwanawe Tharcisse, mwenye miaka ishirini na sita, alikuwa mlangoni anafunga kamba za viatu. Mama yake akamwambia yale aliyomwambia kila asubuhi: awasikilize wakubwa, asilete maneno kazini, na wakimpa karatasi aweke sahihi, kwa maana hawakukaa miaka yote ile kwenye kambi ya wakimbizi ili waje huku kugombana na mabosi. Tharcisse akasema ndiyo, mama. Alikuwa mtoto wa kusema ndiyo, mama.

Kazi yake aliipata kwa ofisi moja ya vibarua kule Downsview, na ilikuwa magharibi ya mji, kwenye bustani ya michezo iliyo ufukweni mwa Ziwa Ontario. Pale pana rolakosta ya mbao iliyojengwa kabla ya vita vikuu vya pili. Ni mlima wa mihimili myeupe, na juu yake reli. Vigari vya abiria hupandishwa kwa mnyororo mpaka kileleni, kisha huachiwa viporomoke, na watu hupiga kelele kwa furaha. Ilikuwa imefungwa miaka kumi na moja. Wenye bustani walitaka ifunguliwe tena mwezi wa tano, kwa hiyo mbao zilizooza zilibidi zitafutwe moja moja.

Aliyemfundisha kazi hiyo ni Mzee Agnelo, Mgoa wa Mombasa, seremala wa miaka sitini na tisa. Mwenyewe aliiita kupiga hodi. Kila asubuhi watu wawili hupanda juu, hutembea kwenye reli toka mwanzo mpaka mwisho na kugonga kila ubao kwa nyundo ya mti. Ubao mzima hujibu ko. Ubao mbovu hujibu pu. Ukisikia pu unaweka alama ya chaki, na mchana ubao huo unang'olewa. Rolakosta yenyewe Mzee Agnelo aliipa jina la Bibi Harusi, kwa sababu imekaribia miaka tisini na bado inapakwa nyeupe.

"Usimgonge kwa nguvu hivyo, bwana," alimwambia Tharcisse siku ya kwanza. "Sisi wazee ukitugonga sana tutajibu pu hata kama tu wazima."

Sheria ilikuwa kwamba kila anayepanda avae mkanda wa usalama wenye kulabu ya kushika waya. Mikanda ilikuwa miwili. Mmoja ulipelekwa kukaguliwa mwezi wa kwanza, na Dale, msimamizi wao, alisema utarudi Jumatatu. Hakusema Jumatatu ipi. Kila asubuhi aliwaletea karatasi yenye mistari miwili, na kila mstari ulisema: nimepokea mkanda wangu na nimeuvaa. Wote wawili waliweka sahihi, Dale akarudi kwenye kontena lake lenye hita.

Sasa mkanda ni mmoja, watu ni wawili, na mwenzako ana umri wa baba yako. Mtoto aliyelelewa anajua la kufanya. Tharcisse alikuwa anauchukua ule mkanda, anainama kidogo, anampa Mzee Agnelo kwa mikono miwili. Mama yake ndiye aliyemfundisha hivyo zamani kwao Uvira, kwanza kwa maneno na baadaye kwa mwiko. Wazazi wengi hufundisha hilo hilo na hawaoni ubaya wake. Mzee Agnelo alikataa siku ya kwanza. Siku ya pili alikataa kidogo. Siku ya tatu aliuvaa, kwa sababu magoti yake yalikuwa yamechoka, na kwa sababu ukimrudishia kijana heshima yake mara tatu unakuwa umemtukana.

Alhamisi hiyo, saa nne na dakika ishirini, Tharcisse aligonga ubao mmoja kwenye kona ya pili. Ubao ukajibu ko. Akaukanyaga, ukavunjika, akaanguka.

Kiatu chake cha kushoto kilitangulia, kikafika chini, kikadunda mara moja. Yeye hakufika. Alisimama hewani akiwa chali, mgongo wake juu ya ardhi kiasi cha mtu aliyesimama mabegani mwa mwenzake, mkono mmoja umenyooka kama wa mtu anayengoja kupewa kitu.

Mzee Agnelo aliteremka ngazi polepole. Akamwuliza kama ameumia. Tharcisse alisema bado.

"Bado nini?"

"Bado sijafika, mzee."

Dale alikuja akaokota kiatu. Aliandika kwenye daftari la matukio kwamba kimeanguka kiatu kimoja, hakuna aliyeumia. Kisha akasema ni saa ya chai.

Mama Tharcisse alipigiwa simu akiwa kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka cha hoteli. Alimaliza mzigo uliokuwa mashineni, akapanda tramu. Alipofika, watu walikuwa wameshaleta gari lenye jukwaa la kuinulia na wameshajaribu kumvuta Tharcisse kwa mikono na kwa kamba. Hakusogea. Alikuwa amekaza pale kama msumari kwenye mbao, na wakimvuta alisema mgongo unauma. Wakaacha. Gari lilihitajika upande wa pili.

"Umekula?" mama yake alimwuliza.

"Kopo liko kwenye kontena."

Mzee Agnelo alifunga kulabu kwenye mti mrefu wa kupakia rangi, wakamning'inizia kopo. Tharcisse alikula sombe yote. Ugali ulikuwa umepoa.

Tangu siku hiyo mama alikuja kila asubuhi kabla ya zamu yake. Kulipoanguka theluji, Mzee Agnelo alipanda ngazi akamfunika kwa turubai. Shakwe wa ziwani walikuja kutua juu ya turubai, na Tharcisse aliwavumilia mpaka walipoanza kumnyia. Kila Ijumaa jioni Mzee Agnelo alileta futi yake ya kupimia na kupima toka ardhini mpaka mgongoni. Baada ya wiki tatu ilionekana kwamba Tharcisse anateremka. Ni kidogo sana, unene wa ukucha kwa wiki, lakini anateremka. Mwenyewe alikuwa akijua.

"Bado naanguka, mama," alisema. "Nasikia tumboni. Ule mwendo haujapungua. Unangoja tu."

Mama yake alielewa maana yake. Siku mgongo ule utakapogusa chini, utagusa kwa nguvu yote ya kule juu. Basi alitaka vitu viwili: godoro la kuweka chini yake, na karatasi inayosema kwamba mwanawe ameanguka kazini, ili siku hiyo ikifika asiambiwe kwamba hakuna anayemjua.

Godoro alilitoa kitandani kwake, akalisafirisha kwa tramu pamoja na Alicia. Dale aliruhusu liwekwe.

Karatasi ilikuwa ngumu zaidi. Dale alikuwa mtu mpole, hakupandisha sauti hata mara moja. Aliwaketisha kwenye kontena, akawapa kahawa, akafungua faili. Alicia, ambaye husikia Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, siku hiyo alijikaza kumtafsiria mama yake neno kwa neno. Hii ni sahihi ya Tharcisse ya Alhamisi hiyo. Inasema amepokea mkanda na ameuvaa. Aliyevaa mkanda haanguki, mkanda umetengenezwa hivyo. Na kama aliuvua akampa mtu mwingine, basi alifanya hivyo kwa hiari yake, hakuna aliyemwamuru. Tena, Dale aliuliza, kama ameanguka, ameangukia wapi?

Mama Tharcisse alitazama sahihi ya mwanawe. Ilikuwa nzuri, ya mtu aliyekwenda shule.

"Mwambie mimi ndiye niliyemwambia aweke," alisema. Alicia hakulitafsiri hilo.

Alicia alipiga simu kwenye ofisi inayosimamia mambo ya kazi, na mkaguzi akaja. Alikuwa mwanamke makini. Alimpiga Tharcisse picha kutoka pande nne, akapima urefu, akamhoji Mzee Agnelo. Mzee Agnelo alisema kweli, kwamba mkanda ulikuwa mmoja tangu mwezi wa kwanza. Mkaguzi aliandika. Kisha Dale akaleta faili, na mkaguzi akamwonyesha Mzee Agnelo sahihi za Mzee Agnelo mwenyewe, za kila asubuhi, pembeni mwa za Tharcisse, kana kwamba mikanda ilikuwa miwili. Mzee alizitazama, akafuta miwani, akazitazama tena.

Fomu ya mkaguzi ilikuwa na sehemu ya kuandika mahali mwili ulipofikia. Sehemu hiyo haikuruhusiwa kuachwa wazi. Mkaguzi aliacha namba yake ya simu na kusema wampigie kijana akishafika.

Jioni ile Mzee Agnelo alimsindikiza mama mpaka kituo cha tramu.

"Mama, mkanda ulikuwa mwilini mwangu," alisema.

"Alikupa kwa heshima."

"Ningekataa."

"Angeudhika."

Tramu ilikuja. Mzee alimshikia mlango.

Jumapili, baada ya misa, Mama Tharcisse aliwaambia kina mama wenzake barabarani nje ya kanisa. Aliwaambia wasiulize mtoto kama kazi ni nzuri, waulize mikanda mingapi, watu wangapi. Waulize na karatasi inasema nini kabla ya sahihi, si baada. Walimpa pole, na mmoja alimletea mandazi. Jumatatu gari la Downsview lilipita kuchukua watoto wao saa ile ile.

Mwezi wa tano rolakosta ilifunguliwa. Kulikuwa na tarumbeta na maputo. Njia ya foleni ya abiria ilikuwa imechorwa kwenye ramani kupita kwenye kona ya pili, kwa hiyo godoro liliondolewa na kuwekwa vizuri kwenye stoo, na mahali pake vikachimbiwa vyuma vya kupangia watu, vya urefu wa kiuno. Juu ya kimoja walibandika kibao: kutoka hapa utangoja dakika ishirini. Tharcisse alikuwa juu ya kibao hicho moja kwa moja. Watoto walimpungia mkono, naye aliwajibu kwa ule mkono ulionyooka. Dale alimwomba awe anawakumbusha watu washike kofia zao. Tharcisse alisema ndiyo.

Vigari vilipopita juu, mihimili ilitikisika, na kila ilipotikisika Tharcisse aliteremka unene wa karatasi. Mama Tharcisse alisimama kwenye foleni bila tiketi, akaona kwa macho yake. Alimwendea Dale kumwomba isimamishwe kidogo tu, au vile vyuma vihamishwe. Dale alisikiliza mpaka mwisho. Alisema watu wameingoja miaka kumi na moja.

Asubuhi moja ya mwezi wa sita mama alikuja na kopo kabla bustani haijafunguliwa. Tharcisse alikuwa ameshafika mahali ambapo mama hakuhitaji tena mti mrefu. Akipanda kwenye chuma cha foleni aliweza kumshika kidole. Alimshika, akampa kijiko.

Chini ya ngazi alisimama Mzee Agnelo na kijana mgeni, kwa sababu kupiga hodi ni kazi ya kila siku hata baada ya kufunguliwa, na sharti iwe watu wawili. Kijana aliitwa Sebastian, kwao Tabora, alikuwa ameletwa na ofisi ile ile ya Downsview.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba, mwanangu."

Pembeni mwake, juu ya sanduku la nyundo, ulikuwepo mkanda mmoja. Wa pili ungerudi Jumatatu. Mama Tharcisse alishuka kutoka kwenye chuma, akasimama mbele ya kijana.

"Mwanangu, huo mkanda vaa wewe. Mzee utampa heshima mkishateremka. Usitie sahihi kwa kitu ambacho hukukiona."

Sebastian aliinamisha macho, kama inavyopasa mkubwa anapoongea.

"Msikilize," alisema Tharcisse kutoka juu, mdomo umejaa.

"Ndiyo, mama," alisema Sebastian. "Ndiyo, kaka."

Dale alileta karatasi. Mzee Agnelo aliweka sahihi kwenye mstari wake, Sebastian akaweka kwenye wake, Dale akarudi kwenye kontena. Kisha Sebastian aliuchukua mkanda, akaukung'uta vumbi, akainama kidogo, akampa Mzee Agnelo kwa mikono miwili.

Mzee Agnelo alikataa. Ilikuwa siku ya kwanza.