Risasi za Delmar

Mume wangu Delmar alikufa mwezi wa pili, theluji ikiwa bado imefika magotini. Aliniachia nyumba, mbwa kiziwi asiyenipenda, na kopo la kahawa lililojaa risasi alizozijaza kwa mkono wake mwenyewe. Lile kopo ndilo lililonigombanisha na Orrin Fetterhoff.

Huku kwetu Pennsylvania, mtu kuwa na bastola si habari. Habari ni anayeitunza. Jumapili tukitoka kanisani, Delmar alikuwa akitandaza taulo kuukuu mezani, anazifungua bastola zetu mbili, yake na yangu, anasugua mitutu kwa brashi na kuipaka mafuta. Mimi napika, jikoni kunanuka nyama na mafuta ya bunduki kwa pamoja. Kisha anaingia karakana kwenye mashine yake. Anachukua maganda matupu tuliyookota kwenye kiwanja cha shabaha, anayang'arisha, anapachika fataki mpya kitakoni, ile ya kuwasha baruti, anapima baruti kiasi cha ncha ya kijiko, anakandamiza kichwa cha risasi juu yake. Wanaume wa hapa husema wanajaza risasi zao ili kubana matumizi. Waongo wakubwa. Wanafanya kwa sababu wanapenda, kama dada yangu anavyofuma soksi na duka limejaa soksi.

Klabu yetu ya shabaha hufungua msimu mwezi wa nne. Mwanachama akiwa amefariki, mtu wa nyumbani kwake ndiye hupiga raundi ya kwanza, peke yake, wengine wamevua kofia. Mimi nilishaamua. Nitapiga kwa bastola yangu, na nitapiga risasi za Delmar, zile za mwisho. Sikutaka kazi ya mikono yake ikae kwenye rafu ikiliwa na kutu.

Orrin alikuwa rafiki wa mume wangu tangu utoto, na ndiye msimamizi wa mstari wa kupigia pale klabuni. Ni mtu mrefu, maneno yake ya kuhesabu. Siku moja kabla ya ufunguzi kufika aliniletea sufuria ya kuku na tambi kutoka kwa mkewe. Akaliona kopo mezani.

"Hizo za nini, shemeji Verna?"

"Za ufunguzi."

Akaitua sufuria taratibu. "Hapana."

"Hapana nini?"

"Hizo hupigi. Risasi aliyojaza mwingine haipigwi. Unajua."

Najua. Mtu hapigi risasi zilizojazwa na jirani hata kama jirani ni askofu, maana hakuwepo baruti ikipimwa. Na mjazaji akifa, risasi zake hufumuliwa, baruti ikamwagwa. Lakini mimi nilikuwa jirani wa nani?

"Orrin, nimepiga risasi za Delmar tangu tuoane. Nimekula na mapishi yake, na hayo ndiyo yaliyokuwa hatari."

"Mapishi sawa. Hizo hapana."

"Delmar hakosei."

"Sijasema kakosea."

"Sasa unasemaje?"

"Nasema kwenye mstari wangu hazipigwi."

Nikamtolea uvivu. Nilimwambia ana wivu kwa kuwa Delmar alimshinda kila msimu. Nikamwambia rafiki gani huyu anayemvunjia marehemu heshima na kaburi halijaota hata nyasi. Yeye alisimama tu, kofia mkononi. Nilipoishiwa pumzi akasema tambi zipashwe kwa moto mdogo zisigande chini, akaenda zake.

Wiki iliyofuata alirudi na nyundo ya plastiki, ile yenye uwazi kichwani, inayotumika kufumua risasi.

"Tuzifumue pamoja," akasema. "Maganda yatabaki yale yale, vichwa vile vile. Tunabadilisha baruti tu. Utazijaza wewe, kwa mashine yake. Hapo nitakuruhusu."

"Si tuzipime tu kwenye mizani zikiwa nzima?"

"Maganda hayalingani uzito, shemeji. Mizani itakudanganya."

"Na baruti aliyoipima yeye?"

"Mwagia waridi zako. Inastawisha."

Nilikubali kwa shingo upande, maana bila hivyo nisingepiga kabisa. Moyoni nilikuwa nimekaa mkao wa kumsuta. Kila risasi itakayotoka na kipimo chake kamili ningemwonyesha huyu bwana alivyomkosea mwenzake.

Tukaketi karakana. Yeye anachomeka risasi kwenye nyundo, anaigonga juu ya gogo, kichwa kinachomoka, baruti inamwagika. Mimi naipima.

"Sawasawa," nasema.

Nyingine. "Sawasawa."

Nyingine tena. "Orrin, hii je, mbona husemi?"

"Sawasawa."

"Sema kwa sauti, marehemu hakuwa na masikio mazuri."

Akatabasamu kidogo. Nami nilikuwa nacheka, mara ya kwanza tangu mazishi. Lundo la vichwa lilikuwa linakua, na nilikuwa namwona Delmar mbele yangu, ulimi umetoka kidogo kama kawaida yake akiwa kazini.

Kisha akagonga moja, baruti ikamwagika, ikaendelea kumwagika. Sikuhitaji mizani, ila nilipima. Ilikuwa mara mbili ya kipimo. Maganda ya bastola yangu ni marefu na baruti yake ni kidogo, kwa hiyo ukitia mara mbili inaingia yote, kichwa kinafunika, na kwa nje huoni kitu. Risasi kama hiyo huipasua bastola mkononi mwako. Niliutazama mkono wangu wa kulia, nikauweka mapajani.

"Kila mtu anaweza kuteleza," nikasema.

Orrin akachomeka nyingine. Akaendelea kugonga. Ikatoka moja isiyo na baruti kabisa. Baadaye, nyingine ya mara mbili.

"Delmar hakosei," nikasema tena, lakini safari hii nilikuwa nauliza.

Akaiweka nyundo chini.

"Alikuja kwangu msimu wa majani kupukutika. Akaniambia, 'Orrin, nasimama mbele ya mashine na sikumbuki kama nimeshatia baruti au bado.' Na majina ya watu yalikuwa yanaanza kumpotea. Aliniapisha nisikwambie. Alisema, 'Verna akijua ataanza kunitazama kwa huruma, na hilo sitaliweza.'"

"Halafu?"

"Akasema, 'Nikitangulia mimi, usimwache apige hata moja niliyoijaza. Atakutukana. Wewe mwache atukane.'"

"Nami nimekutukana."

"Alinionya. Ila hakuniambia kama una ufundi kiasi kile."

Nikakumbuka kuwa msimu ule ule Delmar alianza kuninunulia risasi za dukani. Alisema bega linamuuma, hawezi tena kujaza za kututosha sote wawili. Nilinung'unika wiki nzima kwamba risasi za duka zinanichafulia bastola, nikamwita mvivu mezani mbele ya dada yangu. Aliendelea kula viazi vyake.

"Kwa nini hakuacha kujaza?" nikauliza. "Kama alijua, kwa nini kila Jumapili alikuwa huku ndani?"

Orrin akalivuta kopo karibu.

"Hakuwahi kupiga hata moja ya hizi. Alikuwa anajaza tu na kuzitia koponi. Alijua mashine ikinyamaza utauliza. Alitaka uisikie ukiwa jikoni."

Nililia pale pale kwenye kigoda, sikujificha. Sikulia kwa uchungu pekee. Nilikuwa nashukuru mpaka kifua kinauma. Wanaume wawili walikubali niwadharau, mmoja mpaka kaburini, ili vidole vyangu vibaki mahali pake. Nikamwambia Orrin hivyo hivyo, bila kupamba. Akakohoa, akasema bado kuna nusu kopo.

Tulifumua zote. Siku iliyofuata nilikaa kwenye mashine ya mume wangu, nikapima baruti mwenyewe, Orrin pembeni mdomo kaufunga, maana anayejaza hasemeshwi.

Siku ya ufunguzi nilisimama kwenye mstari na kofia zote zimevuliwa. Nilipiga vibaya. Mbili tu ndizo ziligusa duara la kati, na moja haijulikani ilikoenda mpaka leo. Niliitua bastola ikiwa tupu, nikamgeukia msimamizi wa mstari.

"Asante, shemeji," nikasema, klabu nzima ikisikia. "Na yule mwingine nitamwambia mwenyewe nikifika."