Vidonge Vilivyokuwa Chupani

Kwenye stoo ya vifungo ya kiwanda cha nguo walimwita Jicho, na alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na baba yake. Fundi akitaka vifungo mia, Jicho huchota kwa kopo, hutupa macho mara moja, husema, "Chukua, mia hiyo." Kuhesabu kimoja kimoja, kwake, ilikuwa kazi ya watu wasio na shughuli.

Mchana huo alikuwa amesimama hospitalini, shati likimganda mgongoni. Bintiye wa miaka miwili alikuwa amefungua chupa ya vidonge vya moyo vya bibi yake, akavimeza akidhani ni peremende.

"Vimebaki ishirini," daktari alisema. "Asubuhi vilikuwa vingapi? Dawa ya kuzima sumu hii inapimwa kwa idadi aliyomeza. Ikipungua haifui dafu, ikizidi ni hatari nyingine."

Asubuhi Jicho ndiye aliyempa mama yake kidonge. Chupa aliiona.

"Ishirini na nne."

"Basi kameza vinne." Daktari akashusha pumzi. "Vinne tutaviweza."

"Una hakika?" mkewe akauliza. "Hivi si vifungo, baba watoto."

"Hakuna fundi aliyewahi kurudi kulalamika!"

Hapo hapo akajishtukia. Fundi arudi kulalamikia nini? Miaka tisa alikuwa akitaja pungufu makusudi, ili kila fundi akute ziada na aende akimsifu. Mazoea yana taabu: siku hizi hata yeye hakujua jicho linaona ngapi na mdomo unapunguza ngapi.

"Daktari, ngoja! Mimi hupunguza."

"Kiasi gani?"

"Sijui." Neno lilimtoka kama jino bovu.

"Mwanangu anakufa," mkewe akalia, "huyu kaleta ubingwa wa stoo!"

"Nijazieni chupa ileile, kwa vidonge vilevile. Mpaka niseme basi."

Nesi akarudisha vile ishirini, akaanza kuongeza vingine vya aina hiyo kutoka dawa za hospitali. Jicho hakutafuta namba tena. Alitafuta sura ya chupa ya asubuhi tu: vilikuwa vimegusa wapi, uwazi ulibaki kiasi gani.

"Bado. Bado, dada. Tikisa kidogo. Viwili tena. Basi."

Nesi akavimwaga kwenye sinia, akahesabu kwa sauti. Jicho akaomba Mungu viishie ishirini na nne.

"Ishirini na nne. Ishirini na tano."

Mkewe akamshika mkono. Si kwa mapenzi, kwa kucha.

"Ishirini na tisa. Thelathini. Thelathini na moja."

"Kameza kumi na kimoja!" Daktari alikwisha kuanza kukimbia.

Mlango wa chumba alimolazwa mtoto ukajifunga.

"Na hiyo," mkewe akanong'ona, "una hakika nayo?"

Akakaa sakafuni. "Sina, mke wangu. Ila ndivyo nilivyoona."

Nyuma ya mlango mtoto akalia mara moja, kilio chembamba kama uzi. Wote wawili wakazuia pumzi, wakisubiri cha pili.