Kichwa Kilichonyolewa Mapema

Émérance alikuwa na mdomo. Kijiji chote cha Wamaza kilijua, na mwenyewe hakukana. Ukimwambia anasema sana, alikujibu, "Mungu alinipa mdomo, unataka nifugie kuku ndani?" Watu wakacheka, wakaenda zao. Ndiyo maana jambo hili linauma zaidi, kwa sababu siku mdomo ule ulipohitajika kweli, siku moja tu, ulifungwa.

Mdogo wake aliitwa Léocadie. Huyo, Mungu alimpa nywele. Nyingi, nzito, za kuvunja meno ya chanuo. Mama yao, Mama Régina, mikono ilikuwa inamuuma tangu zamani, kwa hiyo kusuka kukawa kazi ya Émérance, tangu mtoto ana meno ya utoto hata baada ya kuolewa na Grégoire, yule mchimba dhahabu wa Salamabila. Kila Jumamosi Léocadie alikaa chini nyuma ya jiko, kati ya magoti ya yaya wake, ndivyo alivyomwita dada yake mkubwa, wakawasengenya watu mpaka jua likageuka.

Ni vidole vya Émérance vilivyokuta uvimbe. Alikuwa anagawanya nywele za kisogoni, akagusa kitu kigumu shingoni.

"Na hii?"

"Jipu tu, yaya. Suka."

Jipu gani lisiloiva? Walilikanda, wakalichanja, wakalipaka majani, nalo likaleta wenzake. Mwishowe wakapanda lori la pamba mpaka Kasongo, hospitalini. Wakati ule Wabelgiji walikuwa bado wameshika nchi, ingawa neno uhuru lilikuwa limeanza kutembea sokoni kwa sauti ya chini.

Munganga, yaani daktari, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili cha kuvunjavunja, akasema ugonjwa umo ndani ya damu, na iko dawa mpya kutoka Ulaya, ya kupiga kwenye mshipa. Akamgeukia Émérance, pengine kwa kuwa ndiye aliyekuwa anauliza maswali bila kupumzika.

"Dawa iko kali. Atatapika, na nywele zote zitaanguka. Usiogope. Dawa ikifanya kazi, nywele hakuna. Siku dawa itatoka mwilini, nywele zitarudi."

Émérance akaitikia. Alisikia vizuri kabisa, hilo lazima lisemwe.

Sindano zikaanza, na uvimbe ukaanza kunywea. Halafu asubuhi moja Léocadie aliinuka, na nywele zikabaki kwenye mkeka. Alishika nyingine, zikamfuata mkononi bila hata kuuma. Akapiga kelele mpaka mtawa aliyekuwa zamu akaja mbio.

"Sipigwi sindano tena," Léocadie akamwambia yaya wake.

"Unasema nini?"

"Nimesema! Nikae upara kama mjane, na mume wangu iko Salamabila anapumua? Grégoire akinikuta hivi atasema nimeshamulilia. Bora nife na nywele zangu."

Na kweli, kwao mwanamke hakunyoa kichwa ovyo. Unafiwa na mume au mtu wa damu yako, wembe unapita, na kila anayekutana nawe njiani anajua bila kuuliza. Kichwa kitupu kilikuwa habari yenyewe.

Émérance alibembeleza. Akatukana. Akabembeleza tena. Léocadie akageukia ukuta. Siku ya sindano ilipofika akakataa kutoa mkono, na munganga akaenda kwa wagonjwa wengine. Ndipo Émérance alipotoka, akanunua wembe dukani, akarudi akakaa sakafuni mbele ya kitanda cha mdogo wake, akajinyoa. Bila maji, bila sabuni. Damu ikamtoka kidogo juu ya sikio.

"Yaya! Unafanya nini? Nani amekufa?"

"Hakuna mutu amekufa. Sasa tuko wawili. Wakicheka, watucheke wote. Toa mukono upigwe sindano."

Léocadie alimtazama, akamtazama, kisha kicheko kikamponyoka. "Ee Mungu wangu! Kumbe kichwa chako iko na kona huku nyuma! Miaka yote hii ulikuwa unanificha kona, yaya?" Alicheka mpaka akakohoa, na akiwa bado anacheka akatoa mkono.

Ile ilikuwa siku nzuri. Émérance aliirudia moyoni maisha yake yote, akitamani mambo yangesimama pale.

Hayakusimama, maana chakula kiliisha. Mgonjwa alilishwa na ndugu zake, na mchele na mawese vilikuwa Wamaza kwa mama. Sindano zilikuwa bado hazijaisha, lakini Émérance aliona ataweza kwenda na kurudi kabla ya ile inayofuata. Akafunga kitambaa kichwani, akapanda lori. Njia ilikuwa vumbi tupu. Karibu na kijiji aliteremka kwenye kijito, akafungua kitambaa ili anawe uso. Alikuwa amekaa sana hospitalini, kati ya vichwa vya kila namna, na alikuwa amesahau kichwa chake kinasema nini.

Wanawake waliokuwa wanaloweka muhogo wakainua macho. Mmoja wao, Hawa, aliacha kapu lake likachukuliwa na maji.

"Uwii! Léocadie!"

"Hapana, hapana! Léocadie iko muzima!"

Jamani, heri angesema lolote lingine. Kwao kifo hakikutamkwa njiani. Anayeleta habari ya msiba alisema mgonjwa anaendelea vizuri, mpaka mama wa marehemu aketishwe na kushikwa mikono. Kila aliyewahi kufiwa alidanganywa hivyo kwanza, kwa huruma. Basi kadiri Émérance alivyoapa kwamba mdogo wake anakula, anacheka, anawatukana wauguzi, ndivyo wanawake wale walivyozidi kulia. Mayowe yakamtangulia kijijini. Alipofika, Mama Régina alikuwa tayari chini, anagaagaa kwenye majivu ya jiko.

"Mama, ni mimi. Nilijinyoa kwa kumupa moyo tu. Haki ya Mungu, mama, anapumua."

"Mulimuzika wapi?" mama akauliza.

Émérance, mwenye mdomo wake, alisema mpaka sauti ikakauka. Mama alikataa ugali, akakataa maji. Watu wa kilio wakatandika mikeka uani. Kesho yake mama hakuweza hata kuketi. Kitu kimoja tu alisema: "Kama iko muzima, nimuone. Nikimuona nitakula."

Ungefanya nini wewe? Mama anakufa mbele ya macho yako, na mdogo wako anapona mbali. Émérance akarudi Kasongo bila hata kibaba cha mchele.

Munganga alikataa katakata kumruhusu Léocadie aende nyumbani. Alisema kazi haijaisha, ugonjwa umelala tu, haujafa. "Atarudi upesi, munganga. Nitamuleta mimi mwenyewe," Émérance akaahidi, na aliahidi kwa moyo wote. Léocadie, aliposikia kijiji kizima kinamlilia, alikuwa ameshafunga furushi lake.

Siku waliyofika! Kilio kiligeuka vigelegele. Mama Régina alikula akilishwa na mkono wa binti yake, na machozi yakadondokea bakulini. Hakuna aliyejali upara. Grégoire akatokea kutoka Salamabila na baiskeli, amekonda kwa njia, amebeba kitambaa cheupe cha kumzikia mke wake. Alipomkuta amekaa anamenya karanga, aliiachia baiskeli ikaanguka. Baadaye akakata kipande cha kile kitambaa, akamfunga mkewe kichwani kwa mikono yake mwenyewe, na Léocadie hakuonekana tena kukumbuka maneno ya mjane.

Émérance alisema mara ya kwanza kwamba lazima warudi. Mvua ikaharibu njia. Njia ilipofunguka akasema mara ya pili, na mama akamkazia macho. "Unitolee mutoto tena? Ulimupeleka kule, ukaniletea kifo kichwani kwako. Mwache apate nguvu."

Halafu asubuhi moja Léocadie akaita. "Yaya, njoo! Gusa hapa."

Zilikuwa nywele. Fupi, laini, changa. Watu walikuja kuzigusa mmoja mmoja. Amepona, wakasema, mwili umerudi! Mama alipiga magoti palepale uani akamshukuru Mungu, na Grégoire akarudi kwenye dhahabu yake anaimba.

Émérance naye aligusa, na maneno ya munganga yakamjia yote. Siku dawa itatoka mwilini, nywele zitarudi. Basi dawa ilikuwa imetoka. Alifungua mdomo. Mama alikuwa anacheka, na kicheko kile hakikuwa kimesikika tangu ugonjwa uingie nyumbani mwao. Émérance akaogopa. Aliogopa kuwa tena yeye wa kuleta kifo kijijini, kusimama tena katikati ya watu anaapa na haaminiwi. Na zaidi ya hayo, tuseme ukweli, alitaka iwe hivyo walivyosema.

"Zimekuja nzuri," akasema. "Bado kidogo nitazisuka."

Na akazisuka. Wakarudi kwenye Jumamosi zao nyuma ya jiko, na masengenyo yao, mpaka Jumamosi ile vidole vilipokuta tena kitu kigumu shingoni, safari hii pande zote mbili. Siku ile alisema. Alipiga kelele, akamburuta Grégoire aliyekuwa amekuja kumwona mkewe, akamsukuma mama aliyesimama mlangoni, akampakia mdogo wake kwenye lori. Munganga alimpapasa Léocadie shingo, makwapa na tumbo. Alijaribu sindano, na sindano haikushika tena kitu.

"Mbona mulikawia?" akamwuliza Émérance.

Émérance akaanza kufunga furushi la mdogo wake.

Léocadie alikufa nyumbani, wakati wa kuvuna mpunga. Kichwa chake kilikuwa kimejaa nywele. Émérance alimsuka kabla hawajamfunika, mistari myembamba ya kwenda kisogoni, kama alivyopenda. Walioingia kumuaga walisema, tazama alivyo mzuri, utadhani hakuumwa.

Kisha wakamwita Émérance uani. Wembe ulikuwa tayari, na safari hii palikuwa na maji na sabuni. Akakaa. Hawa alinyoa taratibu, hakumkata popote. Alipomaliza, Émérance alipitisha mkono kisogoni, akaikuta ile kona palepale. Akageuka kuelekea mlango wa nyumba alimolala mdogo wake, akingoja kuchekwa.